Siku 35 ndani ya meli ya utafiti: siku yenyewe inakwendaje?

Swali: Nimemaliza shahada ya kwanza ya sayansi ya bahari, na nimepata nafasi ya kusafiri na meli ya utafiti kwa siku 35 kwenye bahari ya tropiki. Kazi yangu ni kusaidia kuchukua sampuli za maji. Nimeambiwa zamu ni ya saa 12, lakini hakuna aliyenieleza siku inakwendaje: kulala, kula, kazi, na muda usio na kazi. Kigegezi nacho kinanitia hofu. Nijiandae vipi?

Jibu: Hongera kwa nafasi hiyo. Nimekwenda safari za namna hii mara kadhaa, nyingi nikiwa zamu ya usiku, na kuna jambo moja ambalo ningefurahi sana kama ningeambiwa kabla ya safari ya kwanza. Kwenye meli ya utafiti, siku haipangwi na jua. Inapangwa na kituo. Kituo ni nukta kwenye ramani ambapo meli inasimama ili vyombo viteremshwe majini. Meli ikifika hapo saa nane usiku, kazi inaanza saa nane usiku. Hakuna kungoja kupambazuke, maana kila saa inayopotea hapo inamnyima mtu mwingine kituo mbele ya safari. Usingizi wako, chakula chako na hata hasira zako vitaifuata ratiba hiyo, kwa hiyo jiandae kwa ajili yake kwanza.

Zamu ya saa 12 mara nyingi hukatwa hivi: kundi moja hufanya kazi kuanzia saa sita mchana hadi saa sita usiku, jingine kuanzia saa sita usiku hadi saa sita mchana. Mabaharia wanaoongoza meli wana utaratibu wao wa zamani, saa nne kazini na saa nane mapumziko, kwa hiyo utakutana nao katika nyakati za ajabu: mmoja anakula chakula cha jioni wakati wewe unatafuta chai ya kuamkia. Ukipewa nafasi ya kuchagua, mimi nakushauri uombe zamu ya usiku. Kwenye tropiki deki ya chuma saa saba mchana huchoma mpaka unahisi joto kupitia soli ya kiatu, na sampuli nyingine huharibika zikikaa juani. Usiku kuna upepo, deki ina taa kali, na alfajiri unaiona ikija ukiwa kazini. Mapambazuko ya tropiki ni ya haraka: unainama kuandika namba za chupa gizani, unainua kichwa, bahari imeshakuwa ya buluu.

Sasa kazi yenyewe. Chombo utakachokizoea kuliko kingine ni fremu ya chuma ya duara, kubwa kuliko meza ya kulia, iliyozungushiwa chupa ndefu za plastiki zinazosimama wima. Mara nyingi chupa huwa 24, kila moja ya lita 10 hivi. Wengi huiita rozeti. Chini yake kuna vipimo vya joto, chumvi na kina vinavyotuma taarifa kupitia waya hadi kwenye kompyuta maabara. Rozeti inashuka chupa zikiwa wazi juu na chini, kisha wakati wa kupanda kila chupa inafungwa kwenye kina kilichopangwa, kwa kubonyeza kitufe.

Waya huenda kwa kasi ya mita 60 hivi kwa dakika. Piga hesabu: kina cha mita 4,000 ni zaidi ya saa moja kushuka, zaidi ya saa moja kupanda, na visimamo vya kufunga chupa njiani. Kituo kimoja cha kina hicho kinakula saa tatu au zaidi. Wageni wengi wanashangaa kwamba sehemu kubwa ya zamu ni kukaa mbele ya skrini, mtu mmoja akiongea kwa redio na mwendesha winchi (mashine inayoteremsha na kuvuta waya), mwingine akijaza fomu, wa tatu akitazama mistari miwili ikichoreka polepole. Usiidharau saa hiyo. Ndipo unapojifunza bahari. Juu kabisa maji yana nyuzi 28 au 29. Ukipita mita mia moja hivi mstari wa joto unaanguka ghafla, kana kwamba umekatwa kwa kisu. Kwenye mita 4,000 umebaki na nyuzi zinazokaribia 2 tu, na mgandamizo wa takriban mara 400 ya ule wa juu. Yote hayo yako chini ya kiti ulichokalia.

Kisha rozeti inatoka majini. Hapo kila mtu anasimama. Mabaharia wawili au watatu wanaivuta kwa kamba isiyumbe, serahangi, yaani mkuu wa mabaharia wa deki, anaelekeza kwa mikono, na wewe unakaa nyuma mpaka uambiwe. Ikishafungwa kwenye deki, gusa chupa iliyofungwa chini kabisa. Ni baridi kama imetoka kwenye friji. Hewa ya tropiki ina unyevu mwingi, kwa hiyo chupa za kina kirefu zinatokwa na jasho papo hapo, matone yanateremka kwenye plastiki, wakati zile za juu ziko kavu na vuguvugu. Unaweza kuijua bahari kwa kiganja, kutoka chupa moja hadi nyingine, kabla ya kusoma namba yoyote. Nimelifanya hilo mara nyingi na bado nalifanya.

Kuchukua maji kuna foleni, na foleni hiyo inaheshimiwa. Gesi hutangulia, chumvi hufunga mkia. Sababu ni kwamba mara tu unapoanza kutoa maji, hewa inaingia juu ya chupa, na hewa hiyo inabadilisha oksijeni na kaboni iliyoyeyuka, lakini chumvi haiwezi kuibadilisha. Kwa hiyo mtu wa oksijeni kwa kawaida yuko mwanzoni, anafuatiwa na wa kaboni, kisha virutubishi, na mwenye chupa za chumvi anasubiri mpaka mwisho. Kabla ya hapo kuna jaribio dogo ambalo usiliruke: fungua bomba la chini huku tundu la juu likiwa bado limefungwa. Maji yakitiririka, chupa ilikuwa inavuja, na lazima iandikwe.

Huenda ukapewa oksijeni, kwa sababu ni kazi wanayofundishwa wapya. Unaingiza mpira mwembamba mpaka chini ya chupa ndogo ya kioo, unaacha maji yafurike mara kadhaa ya ujazo wake, na unahakikisha hakuna povu hata moja. Unatia dawa mbili, unafunga kizibo, unatikisa kwa nguvu. Njia hii aliibuni Lajos Winkler mwaka 1888, na bado ndiyo tunayoitumia kuhakiki vipimo vya umeme. Angalia rangi. Kwenye maji ya juu, yenye oksijeni nyingi, unapata mashapo ya kahawia kama ya kahawa ya maziwa. Kwenye sehemu kadhaa za bahari za tropiki, ukifika kina cha mita mia chache, rangi hiyo inafifia hadi karibu nyeupe. Hapo unakuwa umeshika mkononi maji ambayo samaki wengi hawawezi kuishi ndani yake. Mara ya kwanza nilipoona chupa nyeupe nilidhani nimekosea dawa. Kiongozi wa zamu aliichukua, akaiinua kwenye taa, akaniambia nirudie ili nisadiki. Ya pili ikatoka nyeupe vilevile.

Kinachoharibu kazi hii ni uchovu, zaidi ya mawimbi. Siku ya 11 ya safari yangu ya pili, ikiwa imebaki nusu saa zamu iishe, niliruka chupa namba 7 bila kujua na nikaendelea kubandika lebo. Kuanzia hapo kila sampuli ya virutubishi ilibeba namba isiyo yake. Tuligundua baada ya saa tano, pale mchoro wa maabara ulipokataa kulingana na ule wa chumvi. Kituo kilikuwa kimeshabaki kama kilomita 100 nyuma yetu, na hakuna aliyefikiria hata kuuliza kama tunaweza kurudi. Niliumia sana, na bado linaniuma. Tangu siku hiyo natamka namba ya chupa kwa sauti kila ninapofungua bomba, na mwenzangu anaijibu. Fanya hivyo tangu siku ya kwanza, hata kama wengine hawafanyi.

Kwa hiyo usingizi ni sehemu ya kazi. Utalala kwenye kitanda cha ghorofa, chenye pazia, katika chumba cha watu wawili au zaidi, na huenda mwenzako yuko zamu nyingine. Hilo ni jema: kila mmoja anapata saa zake za kuwa peke yake. Lakini linadai adabu. Kwenye meli ya namna hii, saa yoyote ile nusu ya watu wamelala. Milango haibamizwi, mtu haitwi kwa sauti kwenye korido, taa ya chumbani haiwashwi ovyo. Toa nguo zako za zamu inayofuata kabla mwenzako hajalala. Chukua vizibo vya masikio, kwa sababu meli ikiwa kituoni, mashine zinazoishikilia isipeperushwe na upepo hunguruma kwa vipindi, na kunguruma kwa vipindi kunaamsha kuliko mngurumo wa injini usiokatika. Bahari ikichafuka na ukawa unabiringika kitandani, chukua jaketi la kuokolea, lisukume chini ya godoro upande wa nje. Godoro linainuka, unalala umebanwa kati yake na ukuta, na mwili unaacha kujikaza. Ujanja huu nilifundishwa na baharia mzee, na umenipa usingizi mwingi kuliko dawa yoyote.

Kuhusu kigegezi: wengi hukipata, pamoja na watu waliozoea bahari, na kwa walio wengi hupungua baada ya siku mbili au tatu. Zungumza na daktari wako kuhusu dawa kabla ya safari, na uanze kuimeza kabla meli haijaondoka, maana ukishaanza kutapika kidonge hakikai tumboni. Kaa katikati ya meli na sehemu za chini, ambako kuyumba ni kidogo. Omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, hupanda na kushuka kuliko kwingine kote. Tazama upeo wa macho. Acha skrini na kusoma. Kula kidogo kidogo, vitu vikavu, kwa sababu tumbo tupu hulifanya jambo kuwa baya zaidi, na kunywa maji. Zaidi ya yote, mwambie kiongozi wa zamu mapema. Hakuna anayemcheka mtu kwa hilo kwenye meli yenye watu wazuri, na ni rahisi kukupa kazi ya kukaa nje kwenye hewa kuliko kukuokota sakafuni maabara. Jua pia kwamba meli iliyosimama huyumba tofauti na inayokwenda. Waliokuwa wazima siku mbili za mwanzo wakati mwingine huanza kuugua kwenye kituo cha kwanza.

Chakula huliwa kwa saa maalumu na muda wake ni mfupi. Wa zamu ya usiku huwekewa sahani pembeni, lakini lazima uombe. Kwa wiki mbili za mwanzo kuna majani mabichi na matunda. Baada ya hapo kabichi, viazi na vitunguu ndivyo vinavyobaki, kisha vya barafu na vya makopo. Mheshimu mpishi. Meza haikaliwi na nguo zenye grisi, na ukimaliza unampisha mwingine. Maji ya bafu na ya kunywa yanatengenezwa na meli yenyewe kutoka baharini, kwa kuyachemsha kwa joto la injini au kuyapitisha kwenye chujio maalumu, kwa hiyo kuoga ni kwa haraka: lowa, funga maji, jipake sabuni, jisuuze.

Usalama nautaja kwa ufupi kwa sababu utafundishwa. Ndani ya saa 24 za mwanzo kutakuwa na zoezi la kuondoka melini. King'ora ni milio saba mifupi na mmoja mrefu. Ukiisikia, unakwenda na jaketi lako mahali ulipopangiwa. Viatu vilivyofunika vidole wakati wote. Usisimame kamwe kwenye mstari wa waya uliokazwa, na usiruke juu yake, hata kama winchi imesimama. Waya wa namna hiyo ukikatika hauonyi. Na milango ya chuma: shika mpini, usishike fremu. Nimeona vidole vya rafiki yangu baada ya meli kulala upande mmoja wakati mkono uko pasipotakiwa, na tulikuwa siku nne kutoka bandari ya karibu. Kwa sababu hiyohiyo nenda kwa daktari wa meno kabla ya safari. Jino dogo linaloudhi nchi kavu linaweza kuilazimisha meli nzima kubadili njia.

Uliuliza kuhusu muda usio na kazi. Utakuwa mchache kuliko unavyodhani, lakini upo, hasa siku za mwendo mrefu kati ya vituo. Watu hucheza karata, hufua, hufanya mazoezi kwenye chumba kidogo chenye mashine mbili, huandika. Wengine huchora vikombe vya povu jeupe kwa kalamu za rangi, wakaviweka kwenye mfuko wa wavu na kuvifunga kwenye rozeti. Kikombe kikirudi kutoka mita 4,000 kimeshafinywa na mgandamizo hadi kuwa kidogo kabisa, michoro ikiwa imekazana lakini inasomeka. Chora viwili, kimoja cha kumpelekea mtu nyumbani. Ukivuka ikweta kwa mara ya kwanza, pengine utafanyiwa sherehe ya zamani ya mabaharia, na una haki ya kukataa sehemu usiyoitaka. Na kama safari yenu inadondosha maboya ya Argo, omba ushike moja. Yapo karibu 4,000 duniani. Kwa kawaida kila moja huelea kwenye kina cha mita 1,000, na kila baada ya siku 10 hivi huzama hadi mita 2,000, kisha hupanda likipima maji na kutuma taarifa kwa setilaiti. Utalitua majini kwa kamba, taratibu, na litaendelea kufanya kazi miaka kadhaa baada ya wewe kurudi nyumbani.

Lakini ninachokusihi usikose ni magharibi. Jua likikaribia kuzama, nenda kwanza maabara, kwenye skrini ya kipima kina cha mwangwi. Utaona utando mzito kwenye mita mia nne au tano, kama sakafu. Sio sakafu. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watu wa sona, chombo cha kusikiliza mwangwi majini, waliona tabaka hilo na wengine wakalidhania kuwa ni chini ya bahari. Ni viumbe: samaki wadogo wenye taa mwilini, kamba, ngisi, na planktoni (viumbe wadogo wanaoelea na maji) wasiohesabika, wanaojificha gizani mchana na kupanda kula usiku. Giza likiingia, utando ule unaanza kuinuka mbele ya macho yako, mita kwa mita, kwa muda wa kama saa moja, mpaka unafika karibu na uso wa maji. Huu ndio uhamaji mkubwa kuliko wote wa wanyama duniani, nao hutokea kila jioni, kwenye kila bahari. Kisha toka nje uende tezi, yaani nyuma ya meli, chini ya taa za deki. Ngisi wanapita kama mishale, samaki panzi wanaruka kutoka kwenye mwanga kuingia gizani, na nje ya duara la taa, pale propela inapokoroga maji, unaona cheche za kijani zikiwaka na kuzimika. Kama wavu wa planktoni unavutwa usiku huo, omba kuona kilichomo kabla hakijatiwa dawa. Kamba wekundu kama damu, na samaki mweusi mwenye urefu wa kidole, nukta za mwanga zikiwa zimejipanga tumboni mwake.

Suala la nyumbani pia lipange mapema. Intaneti ya setilaiti inagawanywa kati ya watu wote na kazi ya meli inapewa kipaumbele. Kwenye meli nyingine inatosha kupiga simu ya video, kwenye nyingine ni ujumbe wa maandishi tu. Waambie watu wako kwamba ukimya wa siku tatu hauna maana mbaya. Mkubaliane nani atakayewasiliana na ofisi ya safari kama kuna dharura. Kwenye wiki ya tatu watu wengi hupita kipindi kizito: mambo madogo yanaudhi, kikombe kisichooshwa kinageuka ugomvi. Kijue kinakuja, lala zaidi, na usiandike barua ya kulalamika usiku huo.

Kwenye begi, licha ya orodha utakayopewa, weka sweta. Ndiyo, kwa safari ya tropiki: maabara hupozwa kwa kiyoyozi kwa ajili ya mashine, na utatoka kwenye nyuzi 30 za deki, nguo zimelowa jasho na maji ya chumvi, ukaingia kukaa saa mbili kwenye baridi. Weka kofia yenye kamba ya kidevuni, nguo za mikono mirefu nyepesi, na taa ya kichwani yenye mwanga mwekundu usioamsha mwenzako. Krimu ya jua ipake, lakini nawa mikono kabla ya kugusa chupa za sampuli. Na weka penseli, nyingi. Fomu za deki zitalowa kila zamu, wino utatawanyika, na mtu wa maabara atakayezisoma baada ya miezi sita hatakuwepo kukuuliza kama hiyo ni 1 au 7.